Kalenda Tatu za Safari: Kutoka Ndama Hadi Unguja na Pemba

Zanzibar ilifika Karagwe zamani sana, kabla Karagwe haijafikiria kwenda Zanzibar. Katikati ya karne ya 19, misafara iliyoanzia pwani ilipita Tabora, ikapanda kaskazini hadi Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili karibu na Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika. Mwaka 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliotoka Unguja mwaka uliotangulia, walipokewa na Rumanyika. Grant alibaki kwake akiuguza mguu, mwenzake akaendelea Buganda. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley naye alipita, akawakuta watu wa pwani wakiishi Kafuro kama wenyeji. Walileta nguo na shanga, wakarudi na pembe za ndovu. Njia ilikuwepo, ila waliokuja kutuona walikuwa wao.

Mimi ni mtu wa Ndama, hapa Wilaya ya Karagwe, na najua jinsi tunavyosafiri. Tunakwenda Bukoba kwa kesi, Mwanza kwa matibabu, Dar es Salaam kwa biashara, na popote pale kwa msiba. Kwenda mahali kwa ajili ya kupaona tu tumewaachia wageni wenye kofia pana. Naamini hilo si haki kwetu wenyewe. Zanzibar, ambayo sensa ya 2022 iliikuta na watu 1,889,773, ina watu wachache kuliko mkoa wetu wa Kagera wenye 2,989,299. Unaweza kuizunguka kwa daladala, ukiuliza njia kwa Kiswahili, bila wakala na bila dola. Ramani yake utaielewa kwa jioni moja. Kitakachoamua uone nini, ulipe kiasi gani na urudi umeridhika au hukuridhika ni kalenda, tena tatu: ya shamba lako, ya upepo na ibada, na ya mwezi.

Kalenda ya shamba

Kwetu fedha hufuata kahawa. Kuanzia Mei matunda mekundu huvunwa, huanikwa, kisha hupelekwa chama cha msingi na kutoka hapo kuingia kwenye mikono ya KDCU, chama chetu kikuu cha ushirika. Mkulima huanza kupumua Agosti au Septemba. Anayetaka kusafiri Juni atahitaji mkopo, na mkopo wa mkoa wetu tunaujua: ni butura, kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei anayoipanga mnunuzi. Nimeona familia zikiuza mavuno ya mwaka mzima kwa njia hiyo ili kulipa ada. Safari ya kujifurahisha haistahili gharama hiyo. Subiri malipo ya halali, uondoke na fedha yako mwenyewe.

Baada ya hapo gawa mafungu manne: nauli, malazi, chakula pamoja na daladala, na akiba isiyoguswa. Mtu wa Dar es Salaam akienda Unguja, malazi ndiyo humla. Mtu wa Karagwe huliwa na barabara, maana kabla hajaiona bahari ameshakata kama kilomita 1,400. Tofauti hiyo ibadilishe mpango wako. Kwa kuwa nauli ni ile ile ukikaa kidogo au ukikaa sana, usiende kwa haraka ya siku za mapumziko. Kaa muda wa kutosha na ulale mahali rahisi. Usikose kuvuka hadi Pemba, kwa sababu kurudi baadaye kwa ajili ya Pemba pekee kutakugharimu barabara yote upya.

Kalenda ya upepo na ibada

Wenyeji wa visiwani hugawa mwaka kwa upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi kuelekea Machi, ikileta joto. Masika humwagika kati ya Machi na Mei. Kusi hushika baada ya hapo, na miezi ya Juni hadi Agosti huwa na baridi ya kipupwe, anga safi na mawimbi makubwa. Kuanzia Septemba kusi hupungua nguvu, na vuli huwa bado haijafika. Ukiiweka kalenda hii juu ya ile ya kahawa, utaona zimekutana: fedha ipo mkononi na bahari imetulia. Ndiyo maana nilichagua Septemba.

Kuna pia nyakati za watu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa kawaida, kwa hiyo Ramadhani husogea mapema kila mwaka. Mchana wa mfungo migahawa mingi hufungwa na kula hadharani hakuruhusiwi. Usiku, baada ya tarawehe, mji huchangamka kuliko wakati wowote. Anayependa futari na mazungumzo ya barazani aende wakati huo kwa heshima. Anayetaka kuzunguka mashamba mchana kutwa achague mwezi mwingine. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, na vyumba vya Mji Mkongwe huwa adimu. Julai kuna Mwaka Kogwa kule Makunduchi, sherehe ya mwaka wa Washirazi, ambapo wanaume hupigana kwa mapande ya migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita. Mtu wa Ndama aliyelelewa kwenye migomba ataitazama kwa jicho la pekee.

Kalenda ya mwezi

Hii ndiyo muhimu kuliko zote, na wasafiri wa bara hatuifikirii kwa sababu Ziwa Victoria halijatufundisha. Ziwa letu halipwi wala halijai kwa saa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku na dakika kama 50, hivyo kila siku saa zake husogea mbele. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali na kurudi juu sana. Hilo ndilo bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu, maji hupungua mwendo, na wavuvi husema ni maji mafu.

Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe hadi Jambiani, mwamba wa matumbawe uko mbali na ufuko. Bamvua likitoka, bahari yote iliyo ndani ya mwamba hugeuka uwanja wa mchanga na madimbwi, na wanawake hushuka kuhudumia mashamba ya mwani na kutafuta pweza. Anayetaka kuogelea saa hizo atatembea hadi achoke. Anayetaka kuona kazi ya pwani atakuwa amefika wakati wake hasa. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, nilitoka uani nikautazama mwezi ulivyokuwa juu ya migomba, nikahesabu, nikapanga siku za mashariki ziangukie bamvua na siku za kuogelea kaskazini ziangukie maji mafu. Nungwi na Kendwa maji hayatoki mbali hivyo, unaweza kuogelea karibu muda wote.

Barabara, reli na boti

Kilichohitaji maandalizi marefu kuliko nauli ni mama yangu. Kila mtu wa Kagera wa umri wake ana jina la mtu aliyezama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na Mwanza, meli ikiwa imejaza kupita kiasi. Niliposema nitavuka bahari, alinyamaza, kisha akauliza: “Mwanangu, kuna barabara ya kufika huko?” Sikumwambia kwamba hofu yake ni ya kizamani, kwa sababu si ya kizamani. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, nayo ikiwa imejaza kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam, katikati ya msimu wa kusi, bahari ikiwa imechafuka. Mamia ya watu hawakurudi makwao.

Hofu ya namna hiyo haifukuzwi kwa maneno matamu. Inajibiwa kwa masharti, na masharti yangu nilimweleza mama mbele ya ndugu. Nitakata tiketi yenye jina langu, dirishani, kamwe si kwa mtu wa pembeni. Nitasoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya siku hiyo, na ikitolewa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi nitalala Dar es Salaam hata kama tiketi itapotea. Nikiona watu wamesimama mpaka kwenye ngazi, nitashuka. Akiba isiyoguswa ndiyo inayokupa uwezo wa kushuka. Msafiri asiye na fedha ya kulala usiku mmoja zaidi hana uhuru wa kukataa chombo kibovu. Mama alisikiliza, akasema, “Haya, nenda. Ukifika nipigie.”

Kutoka Ndama nilichukua bodaboda hadi Kayanga alfajiri, na hapo basi. Njia inashuka Kyaka, inazunguka Muleba na Biharamulo, inatokea Nyakanazi, kisha Kahama, Nzega, Singida na Dodoma. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo hakuna tena kulala kitini stendi kungoja kupambazuke. Nilishuka Dodoma kwa makusudi. Treni ya mwendo kasi, iliyoanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, inashusha abiria mjini Dar es Salaam kwa muda wa kama saa nne, na kutoka kituoni hadi bandarini ni mwendo mfupi wa bajaji. Miguu iliyovimba toka Kahama hupata nafuu kubwa. Anayependa maji anaweza pia kuanza na MV Victoria, iliyorudi kazini mwaka 2020, kutoka Bukoba hadi Mwanza, kisha akateremka kwa basi.

Beba kitambulisho cha Taifa, na ukibebe karibu. Boti za Unguja zina bei mbili, moja ya raia na mkaazi kwa shilingi, nyingine ya mgeni kwa dola, na kitambulisho ndicho kinachokutenganisha na dola. Wageni wa nje hutakiwa pia kuwa na bima ya safari ya Zanzibar tangu Oktoba 2024, sisi haituhusu. Boti ya mwendo kasi huvuka kwa chini kidogo ya saa mbili. Niliketi chini, katikati, ambako chombo hakichezi sana, nikaiona Dar es Salaam ikizama nyuma na minara ya Unguja ikipanda mbele. Nikampigia mama.

Unguja

Nililala Ng'ambo, karibu na Michenzani, kwenye yale maghorofa marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Huko chumba kinalipwa kwa shilingi, asubuhi kuna chapati na maharage, na Mji Mkongwe uko mwendo wa miguu. Urithi huu wa dunia, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000, hauhitaji kiingilio ili uone vichochoro na milango yake. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na kuitazama kunamkumbusha mtu kwamba majengo ya kale nayo hufa yasipotunzwa. Ndani ya vichochoro, wazee huketi barazani wakinywa kahawa chungu kwenye vikombe vidogo. Niliposema nimetoka Karagwe na ninalima kahawa, nilipewa nafasi ya kukaa.

Nilikuwa nimebeba kahawa yetu ya kutafuna, ile tunayoichemsha na majani yenye harufu, tukaikausha na kumpokea nayo mgeni. Mzee mmoja aliitia mdomoni, akatafuna taratibu, akaniuliza, “Na hii mnakunywa vipi?” Nikamweleza kwamba kwetu hiyo ni salamu, hupewa mgeni kabla hajaulizwa shida yake. Akawagawia wenzake. Zawadi ya namna hiyo ni nyepesi kubeba na inafungua milango. Yeyote anayetoka Kagera asiondoke bila hiyo.

Daladala za mashambani zina namba, na namba ndizo ramani yako: 116 inakwenda Nungwi, 309 Jambiani, 310 Makunduchi. Njiani kuelekea kusini nilishuka Jozani, hifadhi ya Taifa tangu 2004, kuwaona kima punju, ambao kwa asili hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Kusini zaidi, Dimbani karibu na Kizimkazi, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Kwa anayetoka mahali ambapo historia hutunzwa vinywani mwa wazee, kuona tarehe ya miaka 900 imechongwa kwenye jiwe ni jambo zito.

Jambiani nilifika bamvua likianza, kama nilivyopanga. Kilimo cha mwani kilianza hapa pwani ya mashariki mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Nilimkuta mama mmoja akifunga vijiti na kamba ufukoni, nikamwamkia, nikamwomba nifuatane naye. “Marahaba, mwanangu. Vua viatu vya ngozi, vaa ndara, kuna miba ya urumba,” alisema, na tukashuka pamoja. Nilitembea juu ya mchanga ambao saa chache kabla ulikuwa chini ya maji ya kuogelea. Alinionyesha mwani mwembamba unaostawi na ule mnene wenye bei nzuri, ambao siku hizi hufa kwa sababu maji ya karibu na ufuko yamekuwa ya moto. Wenye vyombo wameusogeza kwenye kina. Yeye hana chombo. Nilimweleza jinsi mnyauko unavyoua migomba yetu, jinsi unavyoanza na jani moja. Tulielewana upesi. Maji yalipoanza kurudi alinihimiza tutoke, na alijua saa bila kutazama chochote.

Pemba

Wengi huishia Unguja, na naona wanakosa nusu ya nchi. Pemba iko kama kilomita 50 kaskazini, lakini meli hazivuki kila siku kwa saa unayotaka. Panga Pemba kwanza, kisha Unguja ijaze nafasi zinazobaki. Niliulizia ratiba siku niliyotua bandarini, nikapanda meli ya usiku, nikafika Mkoani kunapambazuka. Kutoka hapo namba 603 inakupeleka Chake Chake, na 606 inaendelea Wete.

Kisiwa hiki kinafanana na Karagwe kuliko nilivyotarajia: vilima na mabonde, udongo mwekundu, migomba mabondeni. Unguja iliwahi kuungana na bara wakati bahari ilipokuwa chini, ndiyo maana wanyama wake wengi ni ndugu wa wanyama wa bara. Pemba ina mkondo wenye kina cha mamia ya mita kati yake na bara, ikajitenga muda mrefu zaidi, ikazaa viumbe vyake yenyewe. Kwenye msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi, niliwaona popo wa Pemba, wakubwa, wekundu kifuani, wakining'inia kwenye miti mirefu. Aina nne za ndege hazipatikani popote isipokuwa hapa, bundi mmoja akiwemo.

Lakini Pemba ni karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala la zao hilo. Nilifika watu wakichuma. Kando ya barabara majamvi yalikuwa yametandikwa, karafuu za kijani na nyekundu zikigeuka kahawia juani, na harufu yake ilijaa ndani ya daladala. Karibu na Wete nilikaribishwa na familia ya mkulima, tukakaa barazani tukichambua vikonyo. Aliniambia karafuu kavu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar peke yake, na kuuza nje ya hapo ni magendo. Nikamweleza habari ya ushirika wetu, mnada na butura. Akaniuliza kwa nini mtu auze mavuno ambayo bado hayajaiva. Nikamwambia: kwa sababu ada ya shule haingoji Agosti. Akatikisa kichwa. “Hata hapa yapo,” alisema. “Mtu hukodisha mikarafuu yake ingali na maua.”

Mazungumzo hayo ndiyo yaliyonionyesha thamani ya kusafiri kwa namna hii. Mgeni aliyeletwa na gari la hoteli angeona majamvi na kupiga picha. Mkulima akimtembelea mkulima, maswali huingia ndani: bei nani anaipanga, mti unazaa kila mwaka au unapumzika, vijana wanabaki shambani au wanakwenda mjini. Mambo haya hayamo kwenye vitabu vya watalii, na majibu yake yanaweza kurudi nyumbani yakatumika. Nimeshayapeleka kwenye mkutano wa chama chetu cha msingi.

Bwana yule ameuliza kama naye anaweza kuja kwetu, na nimeanza kumpangia. Asije Novemba, mvua zitamzuia. Aje Julai, barabara za vumbi zikipitika na kahawa ikiwa inaanikwa kila ua. Ashuke Kayanga, alale kwetu Ndama, ale ndizi zilizopikwa na maharage mapya. Twende Bweranyange, alikoishi Rumanyika, na Kafuro walikokaa watu wa pwani yao. Twende hifadhi ya Rumanyika-Karagwe, kisha tupite Kyerwa hadi hifadhi ya Ibanda, zote zilizopandishwa kuwa hifadhi za Taifa mwaka 2019, tukaione Kagera ikitenganisha Tanzania na majirani zake. Nimemwambia aweke nauli kando kila anapouza karafuu, aanze sasa, na asiikope. Mke wake amesema atakuja pia, mradi njia yote baada ya Dar es Salaam iwe ya nchi kavu. Nimemthibitishia kwamba ndivyo ilivyo.